Sanduku Lafichika, Kishindo Hakifichiki

Mtu atokaye Nairobi kwenda Meru kwa njia ya Embu hupita mahali pawili panapoitwa Makutano. Pa kwanza ni pale barabara ya Embu inapoachana na ile iendayo Nyeri. Pa pili ni mwisho wa safari, mjini Meru kwenyewe, upande wa njia ya Nanyuki. Kati yake yako mashamba ya mpunga ya Mwea, mji wa Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu, na mito mingi itokayo Mlima Kenya, ambayo gari huiteremkia na kuipanda tena mpaka abiria akachoka kuhesabu. Sisi watu wa pwani njia hii twaijua kwa mzigo wake, yaani mogokaa ya Embu na miraa ya Meru, na wengi wetu tunakumbuka mjadala uliozuka Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipoipiga mogokaa marufuku. Lakini leo sina la kusema juu ya majani. Nataka kuzungumza juu ya sauti.

Huenda msomaji akauliza, gari la bara lina nini hata liletwe katika ukurasa wa utamaduni, tena mbele ya watu wa pwani? Jawabu ni kwamba gari hilo hilo, na mziki huo huo, liko Likoni, liko Kisauni, liko Malindi na Ukunda. Na jambo nililoliona Makutano ya Meru linahusu sanaa, sheria na adabu kwa pamoja, na mambo hayo matatu yakikutana, utamaduni haukosi kuwapo.

Nililoliona ni hili. Kijana fundi, mwenye karakana ya mabati kando ya njia, alikuwa akitia sabufa katika gari la abiria kumi na wanne. Sabufa, kwa asiyejua, ni spika kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti nzito za chini peke yake, zile zinazosikika kifuani kuliko masikioni. Mwenye gari aliitaka sabufa, lakini hakutaka ionekane. Si polisi aione, si mkaguzi, wala si mwizi. Basi yule fundi akang'oa kiti cha nyuma, akapiga magoti, akaanza kupima. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sijapata kuuona usemi huo ukitimia wazi kama siku ile.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Sanduku la sabufa hujengwa kwa ubao mzito wa MDF, na kila pembe hugandishwa kwa gundi na kuzibwa isipitishe pumzi, kwa kuwa hewa ikivuja sauti hupwaya. Pasipo na nafasi ya sanduku la pembe nne, kama vile ubavuni mwa buti la Probox, fundi hutandika kitambaa kwa umbo la bodi, akakipaka dawa ya faibaglasi hata kikawa kigumu kama gamba la kobe, akakisugua kwa msasa, kisha akalifunika umbo zima kwa zulia la rangi ile ile ya gari. Ukifungua buti huoni kitu. Ukilaza mkono juu ya zulia, mziki ukilia, ndipo unapojua kwamba ndani mna kilicho hai.

Kinachowezesha ujanja huu ni maumbile ya sauti yenyewe. Sauti nyembamba kama ya filimbi huonyesha mahali itokako, na masikio mawili yakisaidiana hulipata shina lake kwa haraka. Sauti nzito sivyo. Mtetemo wa mara 50 kwa sekunde una wimbi la urefu wa karibu mita 7, nalo ni refu kuliko gari la kawaida la abiria kumi na wanne. Wimbi kama hilo hulijaza gari lote kwa mara moja, na sikio haliwezi kusema limetoka mbele au nyuma. Ndiyo maana sanduku hukubali kufichwa popote. Spika ndogo za mlangoni huachiwa waimbaji na magitaa, na sabufa hupewa zile sauti za chini ya mitetemo 80 hivi, naye abiria hudhani mziki wote watoka mbele ya dereva.

Sisi wa pwani hatuwezi kujifanya wageni wa sanaa ya kuficha. Masanduku ya Zanzibar yenye njumu za shaba, ambayo bibi zetu waliwekea nguo na vito, aghalabu yana droo ya siri ambayo mgeni hawezi kuiona hata akilifungua sanduku lote. Seremala aliyeitengeneza alisifiwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo simlaumu kijana wa Makutano kwa ustadi wake. Mkono wake ni mkono wa fundi, na jicho lake ni jicho la seremala. Tofauti ni kwamba droo ya bibi ilificha kitu kisicho na sauti, hali kijana huyu anaficha kitu ambacho kazi yake ni kupiga kelele.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Matatu zetu zimekuwa katika mvutano na serikali tangu zilipozaliwa. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni zilizotakiwa kwa mabasi, na tangu hapo zikazidi kuongezeka. Kila mwenye gari akatafuta namna ya kumvuta abiria aliache gari la jirani, na mziki ukawa chambo. Februari 2004 zilianza kutumika kanuni za Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003: vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na makanga. Upepo wa kanuni zile uliipeperusha michoro, na mziki wa kishindo ukanywea kwa muda. Kisha mambo yakalegea. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba michoro ya matatu iachwe, kwani ni sanaa na ni riziki ya vijana. Rangi zikarudi, taa zikarudi, na spika zikarudi.

Ukiitazama historia hiyo utaona kwamba mkono wa serikali, kila ulipokunjuka, uliyaendea yale yanayoonekana kwa macho: michoro, taa, vioo vyeusi, spika zilizopangwa nyuma kama mitungi. Afisa barabarani ana macho, na macho hayahitaji chombo. Jawabu la fundi likawa rahisi. Ukikatazwa kionekanacho, fanya kisionekane. Sabufa iliyo chini ya kiti ni mtoto wa sheria inayotafuta kwa macho jambo linalosikika kwa masikio.

Na si kwamba hatuna sheria ya sauti. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira, zinakataza gari kutoa kelele kubwa isiyo ya kawaida, na zimeweka vipimo kwa kila mahali. Sehemu za ibada zimewekewa desibeli 40 mchana na 35 usiku, na mitaa ya biashara 60 mchana. Kabla ya hizo, mwaka 2005, zilitolewa kanuni za kelele kwa viwanda na mahali pengine pa kazi, zikasema mfanyakazi asiwekwe katika kelele ya wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku moja. Sasa tuulizane kwa insafu: makanga anayesimama mlangoni tangu alfajiri hadi baada ya Isha, yuko wapi kama si kazini? Kama kiwanda cha chuma hakiruhusiwi kumfanyia hivyo mfanyakazi wake, gari lenye magurudumu manne linapata wapi ruhusa?

Jambo hili si dogo. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo vinavyoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Wataalamu wa usalama kazini hukadiria kwamba desibeli 85 zinastahimilika kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3, muda huo hupungua nusu. Yaani kwa 88 ni saa nne, kwa 91 ni saa mbili, na ukifika 100 ni robo saa tu. Safari ya kutoka Makutano moja hadi nyingine haiishi kwa robo saa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vijana bilioni 1.1 wamo hatarini kuharibikiwa masikio kwa sababu ya mziki wa vifaa vyao na wa mahali pa starehe. Na anayeanza kupoteza masikio hajui. Huona tu kwamba mziki haunogi kama jana, akaupandisha.

Iko siri nyingine ambayo wengi hawaijui. Vyombo vingi vinavyopima kelele hupima kwa namna inayoiga sikio la binadamu, nalo husikia sauti nyembamba kwa wepesi kuliko nzito. Kwa hivyo chombo huzipunguzia sauti nzito hesabu yake. Mtetemo wa mara 50 kwa sekunde hupunguziwa karibu desibeli 30. Kishindo cha sabufa chenye nguvu ya 110 huandikwa kama 80, na mpimaji huondoka akidhani yote ni salama. Ni kweli kwamba sikio huumizwa zaidi na zile sauti za juu. Lakini kishindo hicho ndicho kinachopenya ukuta, kinachotikisa vikombe kabatini na kumtoa mgonjwa usingizini, na ndicho kinachomfanya dereva azipandishe na hizo sauti za juu ili waimbaji wasizame. Basi sabufa hujificha mara mbili: mara moja mbele ya macho, na mara ya pili mbele ya kipimo.

Na mara ya tatu hujificha hatari yake ya moto. Mashine ya kukuza sauti ya wati 1,000 kwa betri ya volti 12 huvuta karibu ampea 83, bila kuhesabu zinazopotea njiani. Ukiona taa za gari zinafumba na kufumbua kila ngoma inapopigwa, jua kwamba alteneta imelemewa. Umeme mwingi kama huo hutaka waya mnene, na hutaka fyuzi karibu sana na betri, isizidi nusu mita hivi. Sababu yake ni rahisi. Waya unapopita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuulinda, huchunika siku kwa siku kwa mtikisiko wa njia mpaka ukagusa bodi. Fyuzi ikiwapo hukatika, na habari ikaisha. Isipokuwapo, waya mzima hugeuka kaa la moto, nao umelazwa chini ya zulia, na juu ya zulia wameketi watu.

Yule fundi niliyemtazama alijua haya yote. Alitia fyuzi kabla ya kitu chochote, akalivisha tundu mpira, akakwangua rangi mpaka bati likang'aa ndipo akafunga waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, na waya za sauti akazipitisha upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme, ili mziki usiingiwe na mluzi wa injini. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alisema kwa kuunguza. Waya alizounguza zamani ndizo zilizokuwa shule yake. Nilicheka naye, lakini moyoni sikucheka. Mafundi wangapi bado wamo katika darasa hilo, na magari wanayojifunzia ni yale tunayoyapanda?

Sasa niseme la abiria, kwa kuwa yeye ndiye asiye na mtetezi. Katika gari nililopanda kutoka Embu, mama mmoja alikaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya sanduku lenyewe, na mtoto mchanga mapajani. Kabla ya kufika Runyenjes mtoto akaanza kulia, na kilio chake hakikusikika. Tuliona mdomo tu. Mama akamgusa makanga, akamwomba wapunguze kidogo.

"Mathe, kama hutaki ngoma, shuka ungojee ingine," akajibiwa.

Abiria tulikuwa wengi, na wengine walikuwa watu wazima wenye mvi. Mzee mmoja akatikisa kichwa, mwingine akatazama dirishani. Nilipopaza sauti yangu kumuunga mkono yule mama, dereva hakunisikia, maana ili nisikike ilinibidi nilishinde sanduku, na sanduku halishindiki. Hapo nikaelewa jambo. Ubaya wa kishindo kile haukuwa masikioni peke yake. Kilikuwa kimetunyang'anya uwezo wa kusemezana. Watu kumi na wanne ndani ya gari moja, na hapakuwa na baraza.

Zamani zetu zilijua sauti kubwa. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Ilipolia siwa mji mzima ulisikia. Lakini haikupulizwa na kila apitaye, wala kila alfajiri. Ilikuwa na siku zake na sherehe zake, na aliyeitaka aliiombea ruhusa. Ukubwa wa sauti ulikwenda pamoja na idhini. Na sisi tuliopita chuoni tulifunzwa kwamba kila herufi ina haki yake, na kwamba kuvuta sauti kuna kipimo: kuizidisha ni kosa kama kuipunguza. Katika nasaha za Luqman kwa mwanawe, zilizomo katika sura yenye jina lake, mna agizo la kushusha sauti. Hilo ni funzo la baba kwa mtoto wake, pamoja na mwendo na unyenyekevu, kabla halijawa sheria ya serikali.

Hapa msomaji wa bara atanikata kauli: na vipaza sauti vya misikiti yenu je? Na maulidi, na harusi zenu za usiku kucha? Ni swali la haki, na si vyema tulikimbie. Mkuki usiwe mtamu kwa nguruwe peke yake. Mei 2021 wizara ya mambo ya Kiislamu ya Saudia iliagiza kwamba vipaza sauti vya nje ya misikiti vitumike kwa adhana na ikama tu, na visizidi theluthi ya nguvu zake. Kama nchi yenye Makka na Madina imeona kwamba mwito wenyewe una kipimo, sisi hatuwezi kumwambia dereva apunguze hali mawaidha yetu yanamwamsha jirani mgonjwa saa tisa ya usiku. Mwenye kudai haki ya sikio lake aanze na sikio la jirani yake.

Basi lifanywe nini? Wako wanaotaka masanduku yote yang'olewe. Mimi siungani nao. Kwanza, hayatang'oka, yatafichwa zaidi, na kila yanapofichwa zaidi ndipo waya zake zinapokosa mkaguzi. Pili, mziki si haramu ya barabara. Dereva wa usiku huhitaji kitu cha kumweka macho, na abiria wengi, hasa vijana, huchagua gari kwa ajili yake. Tatu, riziki ya fundi ni riziki ya halali, naye hastahili kutendewa kama mwizi.

Ninaloliona mimi ni kugeuza namna ya kutafuta. Mamlaka ya usafiri, NTSA, huyakagua magari ya abiria kila mwaka. Mkaguzi asiulize sanduku liko wapi. Aulize fyuzi iko wapi, na waya umepita wapi, na mwenye kuonyesha asiadhibiwe kwa kuonyesha. Kisha akae kiti cha nyuma, afungulie mziki mpaka mwisho wake, apime pale pale anapokaa abiria, na apime kwa namna isiyozipunguzia sauti nzito hesabu. Mafundi nao waletwe nuruni. NITA hutahini mafundi wa umeme wa magari. Ufundi wa sauti uingizwe humo, ili kijana wa Makutano awe na cheti ukutani badala ya kazi yake kuwa ya kujificha. Na vyama vya matatu, ambavyo vinajua kila dereva na kila makanga wake, viweke kanuni moja isiyogharimu hata senti: abiria akiomba sauti ishushwe, ishushwe.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, maana haihitaji kipimo wala afisa. Inahitaji mtu mmoja aseme na mwingine asikie. Nami kwa kuwa kalamu yangu imezoea vina, nimemwandikia dereva wa njia ile ubeti mmoja, aubandike mbele yake akipenda:

Sanduku limefichika, chini ya kiti garini,
Ila kishindo chatoka, chaingia kifuani,
Abiria wateseka, wanyamaza hawaneni,
Punguza, ewe mwenzetu, tusikizane njiani.